Salamu Niliyoikata

Jumanne jioni

Eti programu yangu haina adabu! Wiki nzima nahangaika kuipunguza uzito hii programu ya kuchati na akili bandia, ili ifunguke hata kwenye simu za bei rahisi. Nikakata mpaka salamu. Mashine ikuamkie ili iweje? Inamaliza bando tu.

Leo nikampa simu jirani yangu, Mama Paskali, aulize kuhusu mahindi ya shamba lake la kule Singe. Akaishika, akawa anaitazama tu.

"Andika basi, mama."

"Namsubiri aniamkie. Si mdogo kwangu huyu?"

Nikaangua kicheko. Mtu mzima anasubiri shikamoo ya simu!

Akanirudishia simu yangu. "Mmefanana. Hata wewe leo hujaniamkia."

Salamu ya programu nimeshairudisha, dakika tano tu. Yangu kwa Mama Paskali bado sijaitoa.