Spika ya Kushoto Siku ya Arobaini Yako

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nimeinamisha uso, kana kwamba unaniona. Juzi tumekusomea hitima ya arobaini, na mimi mwanao nimekuaibisha mbele ya mtaa mzima wa Nguvumali.

Kibanda chetu cha kufunga redio za magari kipo, ila ungekiona ungecheka. Kaseti hakuna anayeziulizia. CD nazo basi tena, hata flashi zimeanza kuchuja. Siku hizi kwenye magari nafunga skrini pana kama sinia. Simu inajiunga yenyewe bila waya, na sauti narekebisha kwa kidole. Ule mtindo wako wa kukaa kiti cha nyuma, macho umefumba, ukisikiliza spika moja moja kabla ya kumkabidhi mtu gari lake, niliuacha. Nilijiona nimekupita, Baba.

Asubuhi ile ya hitima nilikuwa namalizia gari la mteja wa Muheza. Nikaliacha nje ya uzio wetu, nikamwachia ufunguo dirishani, nikaingia kukaa na wanawake. Simu yangu sikuitenganisha na redio.

Sheikh yuko kwenye dua, mikono juu. Mteja akaja kimyakimya, akawasha gari. Skrini ikaidaka simu yangu ndani ya nyumba, na ile singeli niliyojaribia spika ikaendelea pale pale ilipoishia, sauti juu mpaka mwisho. Masikini akapapasa kutafuta kitufe cha kuzungusha. Hakuna kitufe, Baba! Nilichomoka peku, nikakatiza turubai la wanaume, nikaruka miguu ya wazee wenzako, kanga inaburuta. Nilipoizima, mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah, na leo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini lililonitia haya zaidi hata Mama sijamwambia. Nikiwa nakimbia, katikati ya dua yako, nilisikia spika ya nyuma kushoto inakwaruza. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Kazi yenyewe mbovu, na wote waliokuzika wameisikia.

Jana nilimwita mteja arudi. Nikakaa nyuma, nikafumba macho. Ni skurubu moja tu ilikuwa imelegea. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Dereva atasifia tu. Mwulize abiria." Nikalia mle ndani, mteja akadhani gari lake limekufa.

Nisamehe, Baba. Halitoki gari kibandani kabla sijakaa nyuma, nakuahidi.

Mungu akulaze pema. Ijumaa nakuja kaburini. Simu naiacha nyumbani.

Mwanao,
Mwanaidi