Kiesperanto Changu na Kigogo cha Mama Mkwe

Jumapili. Upepo wa Nzuguni umeingiza vumbi hadi kabatini, na mimi nimerudi nyumbani nimenuna.

Nilikuwa Chamwino kwa mama mkwe. Tangu apooze upande mmoja, Kiswahili kimemtoka. Kimebaki Kigogo, lugha aliyozaliwa nayo. Mimi mtoto wa mjini, wa ukoo uliokuja na misafara ya biashara ya zamani, Kigogo nimekisikia sokoni tu. Kwa hiyo kila Jumapili nampelekea mkate, na tunaongea kupitia wifi yangu anayemuuguza. Mama anasema maneno ya kujaza ndoo, wifi anageuka: "Anasema asante kwa mkate."

Ndoo nzima, asante!

Nilipoanza kujifunza Kigogo mwenyewe, wifi alicheka hadi akashika ukuta. "Si una Kiesperanto chako cha kwenye simu? Ulisema kinafungua lugha zote. Haya, kifungue na hiki!"

Nikiri: hakijanipa hata neno moja la Kigogo. Kiswahili, ndugu wa Kigogo, kimenisaidia zaidi. Lakini kwenye Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, hakuna mwenye nyumba. Mbrazili anakosea, Mkorea anakosea, nami nakosea, na maongezi yanaendelea. Huko ndiko nilikoota sugu ya aibu. Hiyo ndiyo faida yake, wala siioni ndogo.

Kwetu je? Mzungu akisema "mambo" kombo, anapigiwa makofi na kuongezewa chai. Mke wa mtoto wao akisalimia kwa Kigogo "mbukwa" kombo, jiko zima linaangua kicheko.

Ukarimu gani huu wa upande mmoja?

Leo wifi alipokwenda bombani, nikamsalimia mama, nikamuuliza kwa Kigogo changu kibovu anataka kula nini. Hakucheka. Alirudia polepole, akionyesha kwa ule mkono mzima, mpaka nikaelewa: ugali wa uwele na mlenda. Mkate unamkwama kooni. Amekuwa akisema hivyo siku zote.

Wifi aliporudi, nikambana. Akainamisha macho. "Sasa wifi, mgeni ningemwambiaje kuwa zawadi yake hailiki?"

Mgeni! Nimewazalia wajukuu, bado mgeni. Na mama wa watu analishwa mkate kwa ajili ya adabu.

Bado nina hasira, sitajidanganya. Ila Jumapili ijayo nabeba unga wa uwele, nakaa karibu na kitanda, nakosea kwa sauti. Atakayecheka na acheke. Mama atakuwa anakula.