Udongo wa Koko Daphrose

Kayitesi, dada, niko nacheka mpaka mbavu zinauma!! Nimemwambia tu koko Daphrose, mama ya mama yangu, kama natafuta krem ya jua yenye haina mafuta mingi. Akashtuka: "Uchague vizuri! Mimi kuchagua mbaya ilinipatisha haya mbele ya watu."

Eti mwaka wa 1954, kule Mushaki, siku Munyakazi, muchumba wake, alileta ng'ombe za mahari. Jua kali! Siagi ya ng'ombe, yenye mabinti wote walikuwa wanajipakaa, koko aliikataa: inanata, inaita nzi, itachafua kikwembe kipya chenye alijifunga. Akajipakaa udongo mweupe. Mukavu, mwepesi, uso safi!

Dada, ULE UDONGO WA CHUMVI wenye ng'ombe zinalambaka!!

Ng'ombe ya mbele ikamunusa, ikamulamba shavu. Mbele ya wakwe! Anatoroka, ya pili inafuata. Ikamulamba shavu ingine, Kayitesi!! Bamama wakafunika mudomo. Koko akaanza kulia.

Munyakazi akamushika mukono, akaambia watu: "Kama ng'ombe zenyewe zimemukubali, mimi ni nani nikatae?"

Nikauliza: basi ninunue krem gani?

"Yoyote. Lakini uipitishe kwanza kwa ng'ombe. Ikikulamba, njo pale utapata bwana."