Nimuuze Lulu Mume Wangu Akiwa Isiolo?

Mpendwa Shangazi Karwirwa, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, maana hapa Majengo, Meru, nimeshachekwa vya kutosha. Naitwa Mwanamisi, mke wa Ismael mchukuzi, na mke mwenzangu ni farasi.

Tangu Hali ya Hatari ianze malori yanasimamishwa kila kizuizi, kwa hivyo mume wangu alinunua farasi jike kwa Mzungu wa Timau aliyekuwa akirudi kwao, akamfunga mkokoteni, akawa anabeba viazi na ngozi, na kusema kweli huyo farasi ametulisha, sikatai, lakini akampa jina la Lulu, na Lulu ndilo jina aliloniita mimi wakati wa uchumba wetu. Sasa huyo Lulu akaota uvimbe kifuani, mgumu, unaokwaruza kama gome la mti, Ismael akaufunga kwa uzi wa singa za mkia mpaka ukaanguka, tukashukuru Mungu, kumbe ulikwenda kuita ndugu zake, ukarudi mkubwa zaidi na wenzake wawili pembeni. Rafiki yake akamshauri apake maji ya betri, nikamwambia, "Ismael, hata mimi ukinipaka hayo nitakupiga teke," akaacha.

Daktari wa mifugo alipopita akatuuliza kama farasi alilala zizi moja na ng'ombe huko Timau, Ismael akasema ndiyo, na ndama walikuwa wamejaa chunjua, naye daktari akasema wataalamu wanashuku chunjua za ng'ombe ndizo zinazomhamia farasi zikawa uvimbe wa namna hiyo. Akakata kipande, akasema atakisaga, aue sumu yake, halafu atamdunga Lulu kama chanjo. "Ndama wazima chanjo ya namna hii huwakinga," akasema. "Lakini huyu amekwisha kuugua. Kwake ninajaribu tu." Ismael alisikia neno chanjo, yaliyofuata hakuyasikia, akaenda kutangaza msikitini kwamba farasi wake amepona.

Kisha binti yetu Hinda akaota chunjua vidoleni, na jirani yangu Rahema akasema wazi, "Mtoto ameambukizwa na farasi, mtamwona naye anaota kwato." Shangazi, sikulala. Ismael naye alikwenda Isiolo kwa lori kutafuta kazi, amekwama huko, pasi yake ya kusafiria imekwisha muda na anangoja nyingine, na kila dereva anayetoka huko ananiletea salamu moja, "Mumeo anauliza, Lulu amekula?" Hakuna hata mmoja aliyeleta swali kama Mwanamisi amekula. Mimi ndiye ninayemwosha huyo mnyama kidonda, ninamfukuzia nzi, naye ananipumulia shingoni kama mtu anayetaka kuninong'oneza siri.

Sasa Mithika wa Kianjai anataka kumnunua, atakuja siku ya soko. Hajui habari ya uvimbe, na mkanda wa kifuani ukivalishwa vizuri uvimbe hauonekani. Nimuuze, Ismael akirudi akute zizi tupu? Nisaidie, moyo umechafuka.

Mwanamisi, Meru.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mwanamisi, nimecheka. Nisamehe, lakini nilingoja mpaka mwisho kama ulivyoniomba.

Tuanze na Hinda, kwa sababu mama hawezi kusikia jambo lingine mtoto akiwa na shida. Nilimwendea daktari wa mifugo mmoja hapa Embu nikamsomea barua yako, bila jina lako. Alisema chunjua za watu ni za watu. Hinda hakuzipata kwa farasi, na mara nyingi huondoka zenyewe. Mpeleke zahanati aangaliwe, asizichune, na umwambie Rahema kwamba kwato bado ziko mbali.

Kuhusu chanjo, mumeo amechanganya. Chanjo ni mwavuli, na mtu aliyekwisha kulowa hakaushwi na mwavuli. Lulu amelowa. Dawa ile inaweza kumsaidia, inaweza isimsaidie, na daktari wenu aliwaambia ukweli huo. Mpaka daktari arudi, msikate, msifunge uzi, na maji ya betri yabaki kwenye betri. Endelea kuosha na kufukuza nzi, na ndama wenye chunjua wasimkaribie.

Sasa wewe. Unajua vizuri sana kwamba kumvalisha mnyama mkanda ili mnunuzi asione ugonjwa ni wizi. Usingeuliza kama usingejua. Mithika atamfunga huyo farasi mkokoteni, mkanda utasugua, damu itatoka, na kabla ya jua kutua Kianjai nzima italijua jina la mumeo. Mchukuzi akipoteza jina atabeba nini? Mithika akija, mfungue Lulu mkanda, mwonyeshe uvimbe, umwambie mwenye mali yuko Isiolo. Mpe chai aende zake.

Halafu hizo salamu. Mwanangu, umewahi kuona mwanamume wa kwetu, amesimama kizuizini katikati ya askari na madereva, akipaza sauti kuuliza habari za mkewe? Ataona haya mpaka afe. Anamuulizia farasi, na anajua kabisa ni nani anayemlisha. Hilo ni la kumtetea, lakini silo la kumsamehe. Kukupora jina la uchumba na kumpa mnyama, huo ni ujinga, na umwambie mimi ndiye niliyesema.

Kwa hivyo fanya hivi. Akirudi, msimamishe mlangoni kabla hajafika zizini. Mwambie ulimtunzia farasi wake, ukaogopa kwa ajili ya mtoto wake, na ulitaka kusikia ameuliza habari zako. Sema kwa mdomo wako mwenyewe, umtazame usoni. Na ukimaliza kusema usimpishe haraka. Farasi anajua kungoja.