Kiti Bado Kina Joto

Mwaka umetimia leo, mjukuu wangu, tangu ulipotuacha ukiwa na siku tisa za umri na cheo cha mrithi wa ufalme.

Nyumba nzima ilikuita Bwana Mdogo. Mimi bibi yako nilikuita mume wangu, na babu yako akanuna kweli kweli. Ulikuwa ukipiga chafya mbili kabla ya kunyonya. Kofia hukuitaka kabisa. Dereva alikupa kidole ukaking'ang'ania mpaka akachelewa safari, na hadi leo anakionyesha watu.

Kazi ulipewa moja tu: kukalishwa kwenye kile kiti kidogo cha warithi, babu yako mfalme akwambie "Kaa," basi. Uliifanya vizuri. Baba yako, siku yake, alikilowesha.

Kwa desturi yetu, aliyekalishwa hatoki mpaka mfalme amwambie "Shuka." Hata akifa. Siku ya mazishi tulisimama mbele ya kiti tukisubiri. Babu yako akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake chumbani. Tukamwonea huruma, tukanyamaza. Kosa letu ndilo hilo.

Mshonaji alikuwa ameshakushonea majoho yako yote, kuanzia la miezi mitatu mpaka la miaka kumi na minane. Yamo kabatini, na ufunguo anao yeye. Mwezi wa tatu alilikuta la kwanza lina maziwa shingoni. Akalifua, akalirudisha kabatini. Mwezi wa tisa alinijia na jingine mkononi, magoti meusi kwa vumbi.

"Mama, huyu anatambaa."

Nikamwambia achunge mdomo wake. Wiki iliyopita akaniletea la mwaka mmoja. Pindo lilikuwa limekanyagwa-kanyagwa.

Eti asiyekuwepo na lake halipo. Waongo! Lako lipo.

Mdogo wako amezaliwa, ana wiki tatu. Tulipomkalisha kitini alipiga yowe, akabadilika rangi. Nikamnyakua, nikagusa pale alipokaa. Palikuwa na joto, na yeye hakuwa amekaa hata nusu dakika. Tangu siku hiyo hanyonyi. Daktari kapima kila kitu, haoni ugonjwa. Mtoto anakwisha, mume wangu, tunamwona hivi hivi. Mama yako kamkumbatia, hataki kumpa mtu.

Nimempigia babu yako magoti aliseme lile neno. "Nikilisema," akanijibu, "nitakuwa nimemzika kweli." Mzee yule! Basi nalisema mimi, hapa gazetini, mbele za watu wote, na mwenye hasira aje kwangu.

Hukukosa lolote. Uliambiwa kaa, ukakaa. Naogopa, lakini siyo wewe ninayekuogopa. Sasa shuka, mume wangu, mpishe mdogo wako. Najua kiti ni kirefu kwa miguu yako. Shuka taratibu. Bibi nimesimama hapa chini, nitakudaka.

Unakumbukwa na babu yako, baba na mama yako, shangazi yako, mshonaji, dereva na kidole chake, mimi bibi yako, na mdogo wako, ambaye nadhani mmeshaonana.

Moyoni mwetu, kaa siku zote.