Dada, Kesho Usifunge

Malukhu,
Mbale.
Jumapili, 14 Machi 1982

Mpendwa Dada Rehemah,

Assalaam alaikum. U hali gani, na shemeji Sulait, na watoto? Na tumbo lako je? Tangu barua yako ya mwezi uliopita, uliposema ulianguka jikoni siku ya funga, sijalala vizuri. Huku sisi tuko. Mke wangu Nabifo anakohoa kidogo kwa baridi inayoteremka kutoka mlima Wanale, lakini shamba analima. Sukari bado haionekani. Risasi zimepungua, tunamshukuru Mwenyezi Mungu.

Dada, barua hii nimeianza mara tatu. Leo lazima iishe, kwa sababu jirani yangu Matia, askari wa magereza, anatumwa Jinja mchana huu, naye ameahidi kukufikishia mkononi kabla hujalala.

Goti langu limepona. Tena halikupona juzi. Lilipona siku chache baada ya Idi, mwezi wa nane mwaka jana.

Unamkumbuka Mzee Jethabhai, yule Mhindi wa duka la vitambaa aliyeniajiri hapo Jinja. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka tulitandika gunia barazani, akanifundisha yoga, kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole. Hata baada ya yeye na wenzake kufukuzwa nchini, mimi niliendelea, mpaka vita vya sabini na tisa, nilipokuwa nakimbia risasi kule viwandani nikaanguka kutoka juu ya ukuta, goti likavunjika. Nikaacha. Nikawa mtu wa kuswali juu ya kiti alichonitengenezea shemeji, nawe ukaweka nadhiri kwamba kila Jumatatu utafunga mpaka paji langu la uso liguse chini tena.

Mwaka jana, nikiwa nimeshahamia huku Mbale, nikaanza upya, nyuma ya nyumba, kwa kujificha, maana hapa wapo wanaosema yoga ni ibada ya masanamu. Mimi sikutaja kitu ila Subhanallah, ndiyo niliyohesabia pumzi. Wiki za kwanza nilikuwa nauma shati nisipige kelele. Siku moja Matia akachungulia juu ya ua.

"Bwana Yakub, nani alikupa hii adhabu? Hata wafungwa yangu hapana fanya hivi."

Nikamwambia ni dawa ya goti. Akaruka ua, akanishika visigino, na toka hapo akawa anakuja asubuhi kunicheka na kunisaidia. Siku nilipoweka paji kwenye mkeka, yeye Mkristo ndiye aliyesema, "Sasa andikia dada yako, apate kula."

Sikukuandikia.

Msikitini kiti changu kiko safu ya mbele. Watu hunipisha mlangoni. Imamu huniulizia kwa jina kabla ya hotuba. Mimi fundi cherehani, darasa la sita sikulimaliza, ni nani aliyewahi kuniulizia? Nikasema nitaandika wiki ijayo. Ikija, nasema ijayo. Nyumbani nasujudu, msikitini nakaa. Na kila ulipouliza habari ya mguu nilijibu, bado vilevile. Niliandika hivyo kwa mkono huu huu.

Barua yako ya mwisho, ile uliposema daktari amekukataza kufunga nawe umekataa kwa sababu nadhiri ni nadhiri, niliisoma kwa sauti. Nabifo akaniangalia. "Huyo dada yako anafungia goti lipi?" Tangu siku hiyo haongei nami ila la lazima.

Juzi Ijumaa nikakiacha kiti nyumbani, nikasujudu mbele ya watu. Wakanikumbatia, wengine wakalia. Imamu akasema huu ni muujiza, ni dua za dada yake aliyeko Jinja. Nami nikainamisha kichwa, nikaitikia amina. Hata hapo, Dada, sikusema kweli. Wafanyabiashara wa hapa watakuletea habari hiyo kwa furaha. Usiipokee hivyo. Imamu nitamweleza, lakini nilitaka wewe ujue kwanza, na usikie kwangu mimi.

Nimezihesabu. Jumatatu thelathini na moja umefunga na mimi ni mzima. Nitazifunga mimi zote, kuanzia kesho. Hakuna sheikh aliyeniagiza, nimeamua mwenyewe. Najua haziwezi kukuponya tumbo.

Usiku huu usiamke kula daku. Asubuhi kunywa uji, umeze na dawa zako.

Nisalimie shemeji Sulait, mwambie kosa ni langu, kiti chake alikitengeneza kwa upendo. Nisalimie Nangobi na mumewe, na Mama Topista jirani yako. Mwenyezi Mungu akuondolee maumivu, akupe umri mrefu, hata kama utautumia kunigombeza.

Matia anarudi Jumatano. Nakuomba umpe jibu, hata mstari mmoja, uniambie kama umekula.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Yakub Mafabi