Nilimwambia Azime Taa

Wewe unayesoma, nakuomba, usimwonyeshe mtu. Usinakili, usipige picha ya skrini, usimsomee hata mwenzako wa chumbani. Najua wanaopita hapa hawazidi kumi, na wengi ni niliosoma nao, lakini Garsen ni ndogo, na habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe.

Leo Alhamisi. Jua limetua, joto halijaondoka. Nimeshainuka mara nne kuangalia kama nimefunga mlango. Nimefunga.

Mimi ni karani wa chuo cha ufundi. Kazi yangu ni barua, funguo na kitabu cha zamu. Chuo kina mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta ndogo, na anayeiendesha ni Barisa, Muorma mtu mzima, baba wa watoto watano. Baada ya mvua nyasi za uwanja zimefika magotini, na Jumamosi kuna michezo. Barisa amefunga Ramadhani. Kushinda juu ya injini kwa jua hili bila tone la maji ni kutafuta kuzirai, kwa hiyo aliomba akate baada ya kufuturu. Mkuu wa chuo akakubali kwa sharti moja: taa za mashine ziwake wakati wote, na mimi nikae barazani nimsimamie.

Jumanne, saa moja u nusu jioni, akawasha. Taa ni mbili, ziko chini, zinamulika hatua chache tu mbele. Zilikwenda hadi mwisho wa uwanja, zikageuka, zikarudi, zikasogea kidogo, zikaenda tena. Kila alipopita mbele yangu alipaza sauti.

"Karani, uko macho? Andika hapo, Barisa hajaliwa na fisi!"

Kisha simu ikalia. Ni mjomba wangu, anayeishi kijiji chetu cha Wapokomo, ng'ambo ya mashamba.

"Mwanangu, uko ndani? Usitoke. Kuna watu uwanjani kwenu wanatafuta kitu. Taa mbili, chini chini, zinakwenda na kurudi."

"Mjomba, ni mashine. Barisa anakata nyasi."

"Nyasi? Usiku? Nani hukata nyasi usiku?" Nikamsikia akiwageukia wenzake: "Eti ni nyasi!" Halafu akanirudia. "Vijana wamekwisha kutoka na mapanga. Wewe jifungie."

Huku kwetu Wapokomo na Waorma wamewahi kuuana usiku, kwa hiyo taa isiyojulikana haichukuliwi kama mchezo. Nimesoma, nina cheti kizuri, lakini nilichokiona kichwani ni vijana wa kwetu wenye mapanga na Muorma mmoja peke yake juu ya mashine. Ningeenda nisimame mbele ya zile taa, wakaniona mimi, mtoto wao, yangekwisha. Hilo nimelifikiria leo. Jumanne nilikimbia hadi ukingo wa uwanja nikapiga kelele: "Barisa, zima taa! Zima taa!"

Sikumwambia azime mashine.

Akazima taa. Alidhani nataka airudishe bandani, basi akageuza gizani, na upande ule kuna mtaro wa maji ya mafuriko. Nilisikia injini ikinguruma juu, ikakatika. Kisha nikamsikia akimwita Mungu.

Mashine ilikuwa imempindukia, mkono uko chini yake. Nilivuta chuma kile, hakikusogea. Walioiinua ni wale vijana. Walifika na tochi, wakaona, wakayatupa mapanga nyasini bila hata kuambiana.

Mmoja wao alimwambia huku wanamvuta: "Mzee, tumetoka mbio kwetu tukidhani ni vita, kumbe ni nyasi!"

Barisa, uso mzima matope, akajibu: "Mngekuja na mafyekeo, tungemaliza leo leo."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nalia.

Mkono umevunjika, umefungwa plasta. Jana alikuja nao ofisini, na mkuu akamwuliza ni nani aliyeamuru taa zizimwe. Akasema, "Nilizima mwenyewe." Mimi nilikuwepo, kalamu mkononi, nikichukua maelezo. Nikaandika: alizima mwenyewe. Nikaweka nukta.

Nilimsindikiza hadi langoni nikamwuliza kwa nini amesema vile.

"Dada, kazi hii ndiyo kwanza umeipata. Na swichi iko upande wangu. Mkono wako unafika huko?"

Alicheka kidogo. Na mimi sikubisha. Zile kelele za Jumanne naweza kuziita hofu. Huku kutobisha sijui nikuiteje.

Leo mkuu ameniagiza nichape barua ya kumwachisha Barisa kazi: amevunja sharti la taa, ameharibu mashine. Nimeichapa. Haina hata kosa moja la tahajia. Itatiwa sahihi kesho saa mbili asubuhi.

Nimeandika na nyingine. Ina mistari minne na imenichukua alasiri yote. Inasema mimi ndiye niliyempigia kelele azime taa, kwamba alitii sauti ya msimamizi wake, na kwamba maelezo niliyoyaandika jana si kamili. Ofisi zilipofungwa niliipitisha chini ya mlango wa mkuu. Papo hapo nikajuta. Nikapiga magoti nikajaribu kuivuta kwa rula. Haikufika. Nikajaribu tena kwa ufagio, nikaisukuma mbali zaidi.

Basi. Iko ndani.

Atakayenihitaji kesho asiniandikie hapa, sitafungua. Kuanzia saa moja u nusu asubuhi nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Ingia lango kubwa, mwambie mlinzi unamtaka karani. Asipokuelewa, mwambie yule mwoga, atakuonyesha. Ukikuta benchi tupu, usiulize ofisini. Shika njia ya soko la mifugo hadi nyumba ya mwisho, yenye zizi la miiba; nitakuwa huko. Barisa ana ndama wanne wa kutekewa maji, na mkono mmoja. Njoo na ndoo yako.